Ukiritimba Hauna Kadi ya Chama

Mfuko wa saruji unaojenga nyumba Kagunga hufika kwa maji, juu ya Ziwa Tanganyika. Umetoka kiwandani, Wazo Hill au Tanga au Mbeya, ukasafirishwa hadi Kigoma mjini, ukashushwa kwenye ghala la mfanyabiashara wa jumla, ukapelekwa mwalo wa Kibirizi na kupangwa chini kabisa ya boti la mbao. Juu yake yanakuja makreti ya soda, magunia ya sukari, magodoro, na abiria wanaokalia chochote kinachokalika. Boti linaambaa na ufuko kwenda kaskazini, linapita Mtanga, linapita Gombe ambako wateja ni sokwe na watafiti wao, linagusa Mwamgongo na Zashe, mpaka Kagunga, mwisho wa Tanzania upande huu. Mbele ni Burundi. Sokoni shilingi na faranga ya Burundi hukutana, na Kiha na Kirundi havihitaji mkalimani.

Dunia iliisikia Kagunga Mei 2015, wakimbizi wa Burundi kwa makumi ya maelfu walipojazana ufukoni, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba, meli iliyozinduliwa Kigoma na Wajerumani mwaka 1915, ikawa inawasomba kwa mafungu kwenda mjini. Dhiki ile ilipopita kijiji kikarudi kwenye shughuli zake, dagaa, mawese na biashara ya mpakani, na kwenye bei zake.

Ukitaka kuielewa bei ya mfuko ule, usianze na umbali. Umbali unahesabika, una lita za mafuta na ujira wa wapagazi. Anza na kuuliza katika kila hatua walikuwapo wauzaji wangapi. Viwanda vya saruji nchini vinahesabika kwa vidole. Kontena lenye vipuri vya injini ya boti lilipita bandari ya Dar es Salaam, ambako kwa zaidi ya miaka 20 kampuni moja ilibeba sehemu kubwa ya kazi ya makontena. Petroli ya injini yenyewe iliagizwa kwa utaratibu mmoja wa nchi nzima. Mwananchi wa Kagunga ananunua mwishoni mwa mnyororo ambao kila pete yake inashikwa na watu wachache, na wale wachache wanajuana.

Sheria dhidi ya hali hiyo ipo, na haikuanza jana. Mwaka 1994, Tanzania ikiwa inatoka kwenye uchumi wa mashirika ya umma, Bunge lilitunga sheria ya kwanza ya mwenendo wa haki katika biashara. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Ushindani, Namba 8, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC kwa kifupi chake kinachojulikana zaidi, na Baraza la Ushindani, FCT, la kusikiliza rufaa. Tume ilianza kazi kwa sura tunayoijua mwaka 2007. Ukiisoma, ni sheria kali. Kifungu cha 9 kinawakataza washindani kukubaliana bei, kugomea mteja kwa pamoja, au kupanga nani ashinde zabuni. Kifungu cha 10 kinamkataza mwenye nguvu ya soko kuitumia vibaya, na nguvu hiyo, kama sheria ilivyoandikwa 2003, inaanza kuhesabiwa sehemu ya soko inapozidi asilimia 35. Adhabu ni kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka. Kampuni kubwa ikipigwa asilimia 10, hasara yake inaonekana mpaka kwenye gawio la wanahisa.

Kwa nini basi sheria kali hivyo haisikiki ufukoni? Jibu langu, na ndilo sura hii inalolifuata, ni kwamba mwenye ukiritimba Tanzania hajawahi kuogopa kifungu cha sheria peke yake. Anachoogopa ni mbunge wa chama tawala na mbunge wa upinzani wanapokaa upande mmoja wa meza, kwa sababu hapo anakosa wa kumpigia simu. Nyakati zilizotikisa kampuni kubwa katika miaka 20 iliyopita karibu zote zilikuwa nyakati za namna hiyo. Na karibu zote ziliishia njiani, kwa sababu nitakayoifikia.

Mwaka 2005 jimbo la Kigoma Kaskazini, ambamo Kagunga imo, lilimchagua kijana wa CHADEMA, Zitto Kabwe, mzaliwa wa Mwandiga. Miaka miwili baadaye, Agosti 2007, alisimama bungeni akataka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliusaini London. Alichopata ni kusimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Novemba mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati ya kupitia mikataba ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, akamweka humo Zitto, pamoja na John Cheyo wa UDP na Harrison Mwakyembe wa CCM. Aliyefungiwa mlango wa mbele akaingizwa kwa mlango wa pembeni, na kazi ya kamati ile ikaifungulia njia Sheria ya Madini ya 2010.

Spika wa wakati ule alikuwa Samuel Sitta, Mnyamwezi wa Urambo, aliyependa kujitambulisha na Bunge la kasi na viwango. Wapo waliomcheka kwa kaulimbiu ile. Lakini chini yake yalifanyika mabadiliko ambayo mwandishi wa habari za siasa asingeyapa ukurasa wa kwanza. Kanuni za Bunge za 2007 ziliweka kwamba kamati za hesabu za umma ziongozwe na wabunge wa upinzani. Mwenyekiti anatoka upinzani, wajumbe wengi wanatoka CCM, na taarifa ya Mkaguzi Mkuu iko mezani. Katika mpango huo mwenyekiti hawezi kupitisha lolote bila wajumbe wa CCM, na wajumbe wa CCM hawawezi kulizika jambo bila mwenyekiti kulipigia kelele. Wanalazimika kusoma kurasa zilezile. Zitto akapewa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, na baadaye, mwaka 2013 kamati zilipounganishwa, Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC.

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na suala la bandari, na hilo ndilo lililonishawishi kuiandika sura hii.

Mwaka 2000 Serikali iliikodisha sehemu ya makontena ya bandari ya Dar es Salaam kwa kampuni ya TICTS kwa miaka 10. Mwenye hisa kubwa alikuja kuwa Hutchison wa Hong Kong, mmoja wa wababe wa bandari duniani, na pembeni kulikuwa na wanahisa wa ndani. Katika miaka ya mwanzo kazi ilichangamka, na waliokuwa wakiisifu hawakuwa wanadanganya. Mwaka 2005, mkataba ukiwa bado na miaka kadhaa mbele yake, uliongezewa miaka 15 zaidi, hadi 2025. Ndani yake mlikuwa na sharti la upekee, kwamba TICTS ndiyo itakayohudumia makontena bila mshindani. Mizigo ikaongezeka, uwanja ukajaa, meli zikawa zinasubiri nje. Kufika 2008 makontena yalikuwa yanakaa bandarini wiki kwa wiki.

Foleni ile haikuishia Kurasini. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo Kigoma ni mlango wa nyuma wa bandari ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,250 kutoka baharini. Mzigo wa Bujumbura, wa Kalemie, wa Uvira, na wa mfanyabiashara wa Kibirizi anayeuza rejareja mpaka Kagunga, hutokea huko. Kontena likikaa siku 20 mahali pa siku 5, gharama ya siku zile 15 haibaki kwa wakala wa meli. Inaongezwa kwenye bei ya jumla, kisha kwenye ya rejareja, na mwisho inalipwa na mtu ambaye hajui TICTS ni kitu gani. Benki ya Dunia ilikuja kukadiria mwaka 2013 kwamba ulegevu wa bandari ile uliigharimu Tanzania na majirani zake dola bilioni 2.6 kwa mwaka.

Aprili 2008, Godfrey Zambi, mbunge wa Mbozi Mashariki, alipeleka bungeni hoja binafsi kuhusu mkataba wa TICTS. Zambi alikuwa wa CCM. Miezi miwili nyuma, Februari, kamati teule ya Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilikuwa imemwangusha Waziri Mkuu Edward Lowassa, na pamoja naye akaondoka Karamagi, ambaye jina lake lilitajwa mno kuhusiana na wanahisa wa ndani wa TICTS. Kamati ile yenyewe ilikuwa na Mohamed Habib Mnyaa wa CUF ndani yake, bega kwa bega na wana CCM. Kwa hiyo Zambi aliposimama, ukumbi ulikuwa umeshajifunza kuhesabu kwa pamoja. Bunge likapitisha azimio. Lilitaka nyongeza ile ya miaka 15 itenguliwe na upekee uondolewe.

Azimio ni neno zito, ila uzito wake kisheria ni mwepesi. Serikali inaweza kulipokea, kulishukuru na kuliweka kabatini. Katika hili ilifanya nusu: sharti la upekee liliondolewa, miaka ikaachwa. TICTS ikaendelea kufanya kazi mpaka mkataba wake ulipofika kikomo mwishoni mwa 2022, kabla ya ile 2025 ya nyongeza, na bado haikuondoka kabisa. Mei 2024 hisa zake asilimia 95 zilinunuliwa na ubia wa Adani wa India na AD Ports wa Abu Dhabi kwa dola milioni 39.5, na mnunuzi mwenyewe akatangaza kwamba TICTS ilihudumia mwaka 2023 takriban asilimia 83 ya makontena yote ya Tanzania. Sharti la upekee lilishafutwa zaidi ya miaka 10 kabla, na asilimia bado ilikuwa 83. Kufuta maneno kwenye mkataba hakuzai mshindani. Mshindani anahitaji gati, kreni na mtaji. Aliyekuja ni DP World ya Dubai, kwa mkataba wa Oktoba 2023 na magati ya upande wa pili, baada ya Bunge kuridhia makubaliano ya serikali mbili tarehe 10 Juni 2023. Mjadala wa nchi ulikuwa mkali kupita kiasi mitaani, makanisani na mahakamani. Ndani ya ukumbi ulikuwa laini. Bunge la 2008 lilikuwa na upinzani, la 2023 lilikuwa na kumbukumbu yake tu.

Suala la mafuta lilikwenda kasi zaidi, na nitalipitia kwa kasi. Mapema Agosti 2011 EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilishusha bei kikomo, na vituo vikakauka ghafla nchi nzima. Hakuna aliyehitaji shahada ya uchumi kuona kwamba matangi hayakukauka yote siku moja kwa bahati mbaya. Bunge lilikuwa Dodoma kwenye mkutano wa bajeti, na kwa siku chache ukumbi ulisahau vyama. Wabunge wa kambi zote waliibana Serikali, na EWURA ikaisimamishia BP leseni kwa miezi mitatu. Januari 2012 ukaanza uagizaji wa mafuta kwa pamoja, zabuni moja kwa wote. Ukitazama vizuri, dawa iliyotumika dhidi ya wachache wenye nguvu ilikuwa mlango mmoja wa lazima, nao ni ukiritimba wa aina yake, ingawa huu una tangazo la zabuni na bei inayoonekana. Mimi nauona kama maelewano yanayokubalika. Bei kikomo za wilaya za Kigoma bado huwa miongoni mwa za juu nchini kila EWURA inapotoa jedwali, lakini tofauti hiyo sasa ni ya usafiri, na usafiri unahesabika.

Turudi kwenye meza ile ya vyama viwili. Aprili 2012, baada ya taarifa za Mkaguzi Mkuu, Zitto alianza kukusanya saini 70 za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Pinda ni mtoto wa Katavi, mkoa wenye ufuko wa ziwa lilelile. Miongoni mwa waliotia saini walikuwamo wana CCM, akiwamo Deo Filikunjombe wa Ludewa. Fikiria maana ya saini ile: mbunge wa chama tawala anaandika jina lake, kwa kalamu yake, kwenye karatasi ya kumwondoa Waziri Mkuu wa chama chake. Spika Anne Makinda alieleza kwamba kanuni zinataka taarifa ya siku 14 na hoja haikusonga, ila mwanzoni mwa Mei Kikwete alipanga upya baraza na mawaziri sita wakaachwa, miongoni mwao wa Viwanda na Biashara, wizara inayosimamia Tume ya Ushindani.

Baadaye Filikunjombe akawa makamu wa Zitto katika PAC, na Novemba 2014 wawili hao walileta bungeni taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu wakati wa mgogoro wa shirika la umeme TANESCO na kampuni ya IPTL iliyoliuzia umeme. Aliyelianzisha suala hilo bungeni alikuwa David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, mbunge wa Kigoma Kusini, jirani wa Zitto upande wa pili wa mji. Mwanasheria Mkuu alimjibu Kafulila kwa mfano wa tumbili, na neno lile likamfanya kijana yule ajulikane kuliko hotuba zake zote. Mwisho wa vikao vile, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akajiuzulu.

Escrow haikuwa kesi ya ushindani kwa maana ya Sheria Namba 8, na sitaki kuivisha nguo isiyo yake. Lakini chanzo chake kilikuwa cha ukoo huohuo: mkataba wa umeme wa miaka 20, mnunuzi mmoja, muuzaji anayelipwa hata mitambo ikiwa imelala. Na njia iliyotumika kuifukua ndiyo njia ambayo sheria ya ushindani inaihitaji: nyaraka, mkaguzi, kamati yenye vyama viwili, na mtu wa ndani ya chama tawala asiyeogopa kuonekana. Filikunjombe alifariki kwenye ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi. Nimewahi kujiuliza angefanya nini katika Bunge lililofuata, ila swali hilo halina faida kwa msomaji.

Wamarekani, wanaosifiwa kwa kuzianza sheria hizi, walipita njia hiyohiyo, na wao walichelewa zaidi kuliko wanavyopenda kusimulia. Sheria ya John Sherman, seneta wa Republican kutoka Ohio, ilipita mwaka 1890 kwa kura 51 kwa 1 katika Seneti, na 242 kwa sifuri katika Baraza la Wawakilishi. Vyama vyote viliipenda kwa sababu haikumuuma mtu. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba kampuni iliyoshika karibu usafishaji wote wa sukari nchini mle haikuguswa na sheria, eti kuzalisha sukari na kufanya biashara ya sukari ni mambo mawili tofauti. (Mtanzania aliyepanga foleni ya sukari mwanzoni mwa 2024 angewaeleza majaji wale jambo.) Sheria iliamka mwaka 1903 Bunge lao lilipotenga dola 500,000 mahsusi kwa ajili ya kuendesha kesi hizo. Mwaka 1976 ikaja sheria ya kuzilazimisha kampuni zitoe taarifa kabla ya kuungana, na mpaka leo inaitwa kwa majina matatu, Hart, Scott na Rodino, wawili wa Democratic na mmoja wa Republican. Na Desemba 2022 Amy Klobuchar wa Democratic na Chuck Grassley wa Republican walifanikiwa kupitisha sheria inayopandisha ada za kuomba kuungana, mpaka dola milioni 2.25 kwa miungano mikubwa kabisa, ili wasimamizi wapate fedha za kupambana na mawakili wa kampuni tajiri. Mswada wao mwingine wa kuzibana kampuni kubwa za teknolojia ulipita kwenye kamati ya Seneti kwa kura 16 kwa 6 mwezi Januari mwaka huo, kisha ukafa bila kufikishwa kwenye kura ya Seneti nzima. Wa kelele ulikwama, wa ada ukapita, na wa ada ndio unaolipa mishahara ya wachunguzi.

Hapo ndipo ilipo sababu niliyoiahidi. Wabunge wetu wa pande mbili walipokutana walikuwa hodari wa kutaja majina na kuangusha mawaziri. Mara chache sana walikutana kuipa Tume fedha. Sheria ya 2003 ilibuni jambo zuri: sehemu ya mapato ya FCC itoke kwa wadhibiti wenzake, EWURA na TCRA wakiwamo, ili isitegemee huruma ya bajeti. Fungu la namna hiyo halina msisimko. Halimpi mtu jina la utani wala picha gazetini, na mbunge anayelipigania hashangiliwi akirudi jimboni. Lakini mchunguzi anayechambua vitabu vya kampuni ya saruji analipwa na fungu hilo. Azimio la Bunge halimlipi.

Saruji ndiyo ilikuja kuipima sheria yenyewe. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, tawi la HeidelbergCement ya Ujerumani na mmiliki wa saruji ya Twiga, itanunua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, yaani Simba. Wawili wakubwa chini ya mwenye mali mmoja. Aprili 2022 Tume iliruhusu. Chalinze Cement na wenzake wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likatengua ruhusa ile, kwa hoja kwamba muungano ungevuka asilimia 35. Kwa wanasheria wa ushindani ilikuwa siku kubwa. Taasisi ya ndani ya nchi imewaambia wawekezaji wakubwa hapana, kwa kusoma sheria tu. Kisha maombi yakaletwa upya, Tume ikaruhusu tena, na kufikia mwisho wa 2023 ununuzi ulikuwa umekamilika.

Aliyepiga kelele bungeni alikuwa Luhaga Mpina wa Kisesa, mwana CCM. Alihoji itakuwaje Tume iruhusu kilichokataliwa na chombo kilicho juu yake. Msomaji anaweza kumpenda au kutompenda Mpina, na wapo wanaokumbuka alivyochoma nyavu alipokuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, wavuvi wa ziwa hili wakiwamo. Hata hivyo swali lake lilikuwa la msingi. Alilokosa ni mwenzake upande wa pili wa ukumbi. Baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani ulibaki na viti vya majimbo vichache mno. CHADEMA iliambulia jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, ufukoni mwa Tanganyika hukohuko, la Aida Khenani. Mbunge wa chama tawala anayehoji akiwa peke yake huonekana mkorofi. Akihoji pamoja na upinzani uliojaa benchi, huwa ni kamati. Juni 2024 Mpina alisimamishwa vikao 15 kwa namna alivyowasilisha ushahidi wake kuhusu vibali vya sukari. Mwaka uliofuata akahamia ACT-Wazalendo, chama alichokijenga Zitto.

Kafulila, kwa upande wake, alishahamia CCM, na baadaye akapewa kusimamia kituo cha Serikali cha miradi ya ubia kati ya sekta ya umma na binafsi, ambako mikataba ya miaka 30 hupikwa. Watu wa Kigoma wana mengi ya kusema juu ya safari ile, mengine ya kuchekesha.

Lakini Bunge lina upande mwingine ambao wapenda maazimio huukwepa: lenyewe hutunga ukiritimba. Mwaka 2017 lilipitisha sheria iliyounda TASAC, ikaipa kazi ya kudhibiti usafiri wa majini na hapohapo ikaipa haki ya pekee ya uwakala wa forodha kwa aina fulani za mizigo, yakiwamo madini. Refa akapewa jezi. Hakuna kesi ya FCC itakayotibu hilo, kwa maana kosa halikufanywa na mfanyabiashara. Lilipigiwa kura ya ndiyo.

Na kipo kitu ambacho hakijawahi kusimamisha mbunge hata mmoja, wa chama chochote: soko linapimwa wapi? Asilimia 35 ya nini? Tume ikikadiria soko la saruji, hutazama nchi au kanda. Ukilitazama kutoka mwalo wa Kibirizi, soko la Kagunga ni boti zinazoondoka siku hiyo. Wenye boti wakikubaliana nauli ya mfuko mmoja wamegusa kifungu cha 9 sawasawa na wenye viwanda, ingawa mauzo yao ya mwaka hayanunui hata kiti kimoja cha ofisi ya wakili wa Dar es Salaam. Mshindani wao halisi anaweza kuwa mfanyabiashara wa Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka, ambaye sheria ya Tanzania haimhesabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria yake ya ushindani mwaka 2006 kwa ajili ya masoko ya namna hii hasa, yanayovuka mipaka, na ilichukua miaka mingi mpaka mamlaka yake ianze kusimama.

Saruji haikungoja. Mwaka 2024 Scancem iliuza hisa zake za Tanga Cement kwa Amsons, kundi la Kitanzania lenye Camel Cement, ambalo mwaka mmoja nyuma lilikuwa limeshainunua Mbeya Cement, yaani Tembo. Twiga amebaki kwa Wajerumani, na Dangote yuko Mtwara. Simba, Tembo na Camel wako chini ya mwenye mali mmoja, mzawa, na safari hii bungeni hapakuwa na hoja binafsi.